Taa Niliyoichomoa Mbale

Pini ninayotumia kusoma makosa ya injini si yangu. Ni pini ya nywele ya dada yangu, ya chuma, nyeusi, aliyoichomoa kichwani kwake siku moja pale Walukuba, mtaani kwetu Jinja, nilipokuwa nimepiga magoti ndani ya gari la watu, nikitafuta kipande cha waya na kutukana. Alinipa kupitia dirishani, akaenda zake kuanua nguo. Ilikuwa miaka ile magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika Jinja, magari yenye kompyuta, na sisi mafundi tulikuwa tunayaogopa ingawa hakuna aliyekubali.

Kusoma kwenyewe si uchawi. Kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko, na ndani yake matundu mengi. Unaunganisha matundu mawili kwa pini, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unatazama taa ya manjano yenye umbo la injini pale mbele ya dereva. Taa inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni ishirini na mbili: sensa ya joto la maji. Mara moja, kisha mara nne, ni kumi na nne: kompyuta imeamuru cheche itoke, lakini haijapata jibu kwamba imetoka. Na ikikonyeza mfululizo, haraka haraka, bila kupumzika, maana yake hakuna kosa lolote kwenye kumbukumbu ya gari. Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila hayo hutaelewa nilichomfanyia dada yangu, wala kwa nini nilikaa miaka miwili nikikwepa kumtazama usoni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Kinubi kama sisi, watu wa ukoo wa askari. Alikuwa fundi wa karakana ya jeshi mpaka serikali ya wanajeshi ilipoanguka. Akavua ovaroli, akajificha kwa wakwe zake Buwenge, kisha akarudi mjini kama raia aliyechoka. Yeye alisoma injini kwa bisibisi. Anaweka ncha juu ya chuma, mpini sikioni, anafumba macho, na ole wako upige chafya. Aliponiona na pini ya dada yangu alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe sasa nahesabu taa kama shehe nahesabu tasbihi," alisema. "Gari naongea na sikio, bwana. Sio na macho."

"Mzee, hii gari ya sasa nanyamaza mpaka inakufa," nilimjibu. "Taa ndiyo nasema."

Nilikuwa na jeuri, sikatai. Alininunia wiki nzima. Lakini kulikuwa na gari moja alilolihangaikia siku nne, amebadilisha plagi, amesafisha pampu ya mafuta, bado linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Nikahesabu: ishirini na mbili. Nikabadilisha sensa ndogo kuliko kidole gumba, moshi ukakoma. Hakunisifu. Ila gari lililofuata alilileta mwenyewe, akasimama pembeni na mikono mgongoni akitazama taa.

Sisi watoto wa askari tulijua mapema kwamba alama inaweza kumuua mtu. Vita vilipofika Jinja nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameshaelekea kaskazini na wenzake, na hakurudi tena. Mama alikaa sakafuni na kisu cha jikoni akikwangua namba ya jeshi ya baba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye sanduku la bati. Alikwangua mpaka bati likang'aa. Buti na vifungo vya shaba alivifukia kwenye shimo la takataka. Kisha alituita mimi na dada, akatuambia tukitoka nje tuongee Kisoga tu, lugha ya wenyeji, kwa sababu Kiswahili siku zile kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, na watu walikuwa na hasira ya miaka mingi. Waliokuja kupekua walilitazama sanduku, wakalipiga teke, wakaenda. Jirani yetu mmoja ambaye hakukwangua chochote alichukuliwa asubuhi ile ile, na mkewe alibaki mlangoni na kanzu ya mumewe mkononi. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu alama mbaya huondolewa kwanza na maswali hufuata baadaye. Sisemi hivi ili nijitetee. Nasema kwa sababu ndivyo mikono yangu ilivyolelewa.

Dada aliolewa na dereva wa teksi, kama tunavyoyaita mabasi madogo ya abiria. Shemeji yangu alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na haraka duniani, na alikuwa akiongea na gari lake kama mtu anavyoongea na ng'ombe wa maziwa. "Twende mama, twende taratibu." Nilimtania sana kwa hilo. Injini ya teksi yake ilipokufa kabisa, mimi ndiye niliyemwekea nyingine, kwenye gereji ya Nalufenya, na kazi ile niliifanya kwa moyo wote kwa sababu watoto wa dada yangu walikuwa wanakula kutoka kwenye gari lile. Injini ya aina ile hukaa chini ya viti vya mbele. Nilizipanga waya zote upya, nikazifunga kwa mkanda mweusi, nikazibana kwenye chuma kwa kibano cha bati nilichokikata mwenyewe na kukipiga nyundo kikakaa sawasawa. Nilimwita mzee wangu aje aone. Akainama, akapitisha kidole, akasema, "Hii nimekubali." Nilitembea na sifa hiyo kwa mwezi mzima.

Mara ya kwanza gari lilimzimikia kwenye njia ya Buwenge, siku ya soko. Taa ya manjano ilianza kuwaka na kuzimika akiwa bado katikati ya mashamba, yeye akaipuuza, na baada ya nusu saa hivi injini ikakohoa na kunyamaza. Abiria walishuka na kuku wao na vikapu vyao, wakasukuma wakicheka, mama mmoja akimwuliza kama amesahau kumnywesha maji huyo mama yake. Ilipopoa, ikawaka yenyewe. Nilisoma: kumi na nne. Nikasafisha viungo vya waya, nikafuta kumbukumbu, na kwa miezi mingi hapakuwa na kitu. Ila tuliwekeana sheria, mimi na yeye. Taa ikianza kucheza, una nusu saa. Egesha palipo na watu, zima, subiri ipoe, urudi kwangu. Aliishika sheria ile. Mara mbili nyingine ilipocheza aliegesha, akanywa chai, akarudi.

Nilihamia Mbale kufungua gereji yangu nyuma ya soko, naye akanifuata kwa sababu njia ya Soroti ilikuwa na abiria wengi kuliko ya Buwenge. Alilala kwangu, na kila Ijumaa alikwenda Walukuba kwa mke wake na watoto. Tuliishi vizuri. Halafu waasi wakavuka kutoka kaskazini, wakaingia Teso, ambako njia yetu ilipita mji wa Kumi kabla ya kufika Soroti.

Mji wa Mbale ulijaa watu ndani ya siku chache. Walikuja na magodoro kichwani, na mbuzi, na sufuria zenye masizi, wakalala kwenye veranda za maduka mpaka shule zikafunguliwa kuwapokea. Mvua ikishuka kutoka mlima Wanale, akina mama walisimama usiku kucha na watoto mgongoni. Teksi zilizothubutu kwenda Soroti zilijaa kwenda na kurudi, kwa kuwa kila aliyekimbia alikuwa ameacha mtu nyuma. Moja kati ya hizo ilizimika njiani. Dereva hakurudi, na abiria wanne walichukuliwa porini. Mwanamke aliyenusurika alifika Mbale na kusimulia kwamba kabla ya gari kuzimika aliiona taa ya manjano mbele ya dereva, akamwuliza ni ya nini, dereva akamwambia si kitu.

Habari ile ilizunguka paki, stendi ya teksi, siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo hakuna abiria aliyepanda gari la kwenda kaskazini bila kuinama dirishani kwanza.

"Dereva, washa tuone."

Akiwasha, wanatazama. Wengine walikuwa hawajui kusoma hata jina la kituo, lakini taa ile waliijua.

"Hiyo ya njano nabaki. Sisi hapana kupanda."

Na wanashuka wote. Madereva wakaanza kumiminika kwenye magereji, si kutengenezewa gari, bali kutolewa globu. Unafungua dashibodi, unazungusha, unachomoa, dakika tano umemaliza. Mafundi wenzangu waliifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi nilikataa, na sikukataa kwa adabu. Nilimwambia dereva mmoja mbele ya watu, "Wewe jino nauma, nakuja hapa nikukate ulimi usiseme?" Niliwaita wenzangu wachinjaji. Walikuwa upande wa pili wa seng'enge, wananisikia. Sijutii niliyoyasema, yalikuwa kweli. Najutia kwamba niliyasema kwa sauti kubwa hivyo, kwa sababu mtu akishapiga kelele ya aina ile hana tena mahali pa kuficha aibu yake.

Shemeji akaja na taa inawaka. Nikahesabu: kumi na nne. Nikamwambia akae, nitalitengeneza kabla ya adhuhuri. Nikabadilisha koili, inayotoa cheche. Nikaazima kile kifaa kinachoamuru koili, kutoka gari zima la mteja mwingine, nikakifunga. Nikakagua kiungo kimoja kimoja kwa kioo cha kukuzia. Injini ikiwa baridi, taa ilizimika. Ikipata moto, ilirudi. Siku ya pili ikaisha. Nilikagua kila mahali isipokuwa pale chini ya kibano changu. Wazo la kukifungua halikunijia kabisa. Pale palikuwa kazi ya mikono yangu, na mzee alikuwa ameikubali.

Siku ya tatu, mnamo saa nne asubuhi, shemeji alirudi kutoka paki na gari tupu. Aliegesha, akashuka polepole, akaegemea mlango.

"Shemeji, abiria nakataa yote," alisema. "Kuna mama mmoja nalia. Anataka kwenda toa mtoto wake kule Kumi. Ameona taa, ameshuka. Sasa anangojea gari ingine na gari ingine hakuna."

"Ngoja kesho kutwa. Nimeagiza kifaa kipya kutoka Kampala."

"Kesho kutwa mtoto nabaki wapi?" Akanyooshea dashibodi kidole. "Toa tu hiyo globu, shemeji. Wewe najua gari yangu. Mimi najua gari yangu. Tutaenda taratibu."

Upande wa pili wa seng'enge mtu alicheka. Labda alikuwa anacheka mambo yake. Mimi nilisikia ananicheka mimi, bingwa wa kuhesabu taa ambaye amekaa siku mbili na nusu juu ya gari la shemeji yake mwenyewe na ameshindwa. Nikachukua bisibisi ndogo. Nikafungua dashibodi, nikazungusha, nikachomoa. Globu ilikuwa ndogo kuliko punje ya hindi. Niliitia kwenye mfuko wa shati.

"Kumi tu," nilimwambia. "Usipite Kumi. Mimi nasema Kumi tu."

"Kale, shemeji," alikubali. "Kumi tu."

Alikwenda Kumi, akarudi. Siku ya pili akaenda, akarudi. Jioni tulikula pamoja, akanisimulia jinsi yule mama alivyompata mtoto wake kwenye ua wa kanisa akiwa amevaa viatu vya mtu mwingine. Alikuwa na furaha. Siku iliyofuata, pale Kumi, wazee watatu walimwomba awapeleke mbele kupita Soroti wakachukue familia zao kwenye senta moja ya maduka ambako waasi walikuwa wamepita usiku. Yeye hakuwa mtu wa kukataa. Nilijua kwamba hakuwa mtu wa kukataa nilipomwambia Kumi tu.

Dereva mmoja ndiye aliyeniletea habari kesho yake asubuhi. Gari lilizimika kwenye barabara ya vumbi wakiwa njiani kurudi, limejaa watu, na waasi wakamuua shemeji kwa risasi. Waislamu wa Soroti walikuwa wameshamzika, jioni ile ile, kama inavyotakiwa. Nilikwenda na msafara wa kijeshi kuliona kaburi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Gari lilikuwa limevutwa hadi kwenye ua wa polisi, mlango wa kushoto umetobolewa kwa risasi, betri imeibwa tayari.

"Afande, naomba kuangalia injini tu," nilimwambia askari aliyekuwa zamu.

"Hii ni kielelezo," alisema. "Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Jinja kumwambia dada. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, habari imenitangulia. Hakupiga kelele. Alinitazama, akauliza kitu kimoja tu.

"Gari ilizimika?"

"Sijui," nilisema.

Nilikuwa najua. Hilo ndilo neno nililokaa nalo miaka miwili. Alimaliza eda, akaanza kuuza sambusa karibu na lango la kiwanda, akawapeleka watoto shule, na kila mwezi nilikwenda Walukuba na sukari na sabuni, nikaketi kwenye ukingo wa kiti, nikaondoka kabla chai haijapoa. Alidhani nina shughuli nyingi. Au nilidhani anadhani hivyo.

Katikati ya miaka ile mwanamke mmoja alikuja gereji kwangu Mbale. Alikuwa Mteso wa makamo, ana kovu mkononi. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni shemeji wa yule dereva, akaja kunipa pole, kwa kuwa yeye alikuwemo ndani ya gari. Nilimpa stuli. Alisimulia kwamba gari lilikohoa mara tatu. Dereva akawaambia watu wote wakimbilie kwenye mihogo, upesi, wasingojee mizigo. Dereva mwenyewe hakukimbia.

"Alikuwa anagonga kile kioo kidogo cha taa mbele yake na kidole," alisema. "Hivi, hivi. Kama mtu nabisha hodi. Halafu akainua kiti, akaingiza kichwa. Wakamkuta hapo hapo, kichwa iko kwa injini."

Nilimshukuru. Alipoondoka niliingia ndani ya gari la mteja, nikafunga mlango, nikalia mpaka shati likalowa. Shemeji alijua globu haipo. Alinisimamia nilipoichomoa. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea kuniuliza mimi kupitia pale, na ulibisha hodi.

Kambi za wakimbizi zilipoanza kuvunjwa na watu kurudi Teso kuezeka upya, polisi waliliachia gari. Dada alitaka lipelekwe Walukuba, si Mbale. Tulilipakia kwenye lori. Lilishushwa mbele ya nyumba ile ile tuliyokulia, kati ya kamba za nguo, na watoto wa jirani wakaja kuingiza vidole kwenye matundu ya risasi mpaka dada akawafukuza.

"Kaka, tengeneza," aliniambia. "Nataka iende barabarani. Kuna dereva ameniomba."

Nilianza kazi baada ya sala ya Ijumaa. Niliinua kiti. Kulikuwa na vumbi jekundu, na kitu kingine kilichokauka ambacho nilikifuta kwa petroli bila kukitazama sana. Kisha nikafanya lile ambalo sikulifanya Mbale. Nikafungua kibano changu. Ukingo wa bati, ule nilioukata mwenyewe bila kuukunja, ulikuwa umekula mkanda, ukala plastiki ya waya mmoja mwembamba, mpaka shaba ikaonekana, na penye shaba palikuwa na doa jeusi la moto. Injini ikipoa, waya hujivuta na kuachana na bati. Ikipata moto, plastiki hulainika na waya kulala juu ya chuma. Ulikuwa ule waya wa jibu, unaoiambia kompyuta kwamba cheche imetoka. Nilitumia robo saa kuutengeneza. Siku mbili na nusu kule Mbale, na robo saa hapa.

Niliazima betri kwa jirani. Nikafungua dashibodi, nikairudisha globu mahali pake. Nilikuwa nimeihifadhi muda wote katika kikopo cha mafuta ya nywele. Nikaweka pini kwenye kiboksi. Nilipoinua macho dada alikuwa amesimama dirishani, mikono ina unga wa ngano. Akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akaketi pale alipokuwa akiketi mumewe.

"Pini hiyo ni yangu?"

"Ni yako."

"Haya. Fungua, tuhesabu."

Nikafungua swichi. Taa ikaanza kukonyeza haraka haraka, mfululizo, bila kupumzika. Betri ilikuwa imeibwa kule Soroti, na gari la namna ile ukiling'oa betri linasahau kila kitu. Dada alijaribu kuhesabu, midomo ikicheza, akapotea, akaanza tena.

"Nasema nini?"

Hapo nilipewa mlango wa kutokea. Ningeweza kusema ukweli wa taa peke yake na kunyamaza, na hakuna mtu duniani ambaye angenikosoa.

"Nasema gari haina makosa," nilisema.

"Haina makosa."

"Eeh."

Aliitazama ile taa kwa muda mrefu.

"Sasa mume yangu alikufa na nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya betri na kumbukumbu. Nilimwonyesha kibano, nikakiweka juu ya kiganja chake chenye unga, nikamwambia hiki nilikikata mimi. Nilimwambia kwamba taa ingempa nusu saa, na nusu saa ingemfikisha Soroti, na kwamba taa hiyo niliichomoa mimi kwa mkono huu kwa sababu nilishindwa kazi na niliona aibu. Nilimwambia kwamba siku ile aliponiuliza nilikuwa najua. Nilingoja anipige, na ningefurahi kama angenipiga.

Dada hakunitazama. Alikigeuza kibano kidogo, akakiweka juu ya dashibodi.

"Habari ya globu najua," alisema. "Alinipigia simu kutoka kibanda, siku ile ile. Akasema, kaka yako ametoa taa, sasa watu napanda." Akafuta mkono kwenye kanga, akaendelea kuufuta hata unga ulipokwisha. "Unajua mimi nilimwambia nini? Nilimwambia alhamdulillahi. Nilikuwa nacheka. Nilisema alhamdulillahi, toa alama, pita. Kama mama."

Nje, mtu alikuwa akipiga rangi geti lake, na harufu ya rangi ilituingia ndani. Miaka miwili nilikuwa nakimbia chai yake, na miaka miwili yeye alikuwa ananingojea nikae, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia neno lile.

Baadaye nilisogeza mkono kwenye swichi. Nilimwambia nizime, betri ni ya watu, tutaimaliza.

"Acha," alisema. "Acha iwake."

Nikaacha. Tulikaa pale mimi na yeye, taa ikikonyeza vile vile, ikituambia kwamba gari halina kosa, mpaka betri ya jirani ikaanza kuchoka.